Jiwe la Kusagia Lisichukuliwe

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7, Kumbukumbu la Torati 24:6-13, Nehemia 5:1-13

 

Mwezi huu tunataka kusema juu ya deni. Tunajua ni neno lisilopendeza masikioni. Mtu akisikia mhubiri ataja deni, mwenye kudaiwa huinama na mwenye kudai huketi vizuri kitini. Lakini safari hii tunaomba wote wawili wakae sawasawa, kwa maana Neno lina jambo la kumwambia kila mmoja, na sisi wachungaji na wazee lina jambo la kutuambia kwanza.

Tuanze na yule mjane wa 2 Wafalme 4. Biblia haitaji jina lake. Inatuambia tu kwamba mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu, naye alikufa akiacha deni. Ndugu zetu watumishi, tusipite hapo haraka. Huyu hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Alikuwa mtu wa chuo cha manabii, kama tungesema leo mtu wa chuo cha Biblia, na mdai alikuja mlangoni kwake baada ya mazishi. Tena mdai hakuja kuchukua meza au kitanda. Alikuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nchi nyingi za wakati ule: mali ikiisha, miili ya watu wa nyumba inakuwa mali.

Elisha akamwuliza, ndani ya nyumba yako umebaki na nini? Mama akajibu kwamba hana kitu ila chupa moja ya mafuta. Na hapo ndipo Bwana alipoanzia. Angalieni mpango wa Elisha mwishoni mwa habari: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachobaki. Hakumwambia akimbie usiku. Wala hakumwambia alipe vyote, halafu watoto walale njaa. Deni lilipwe, na nyumba iishi. Mambo mawili katika sentensi moja. Sheria yoyote ya madeni, ya Musa au ya serikali, inapimwa na swali hilo: je, inawezekana deni lilipwe na nyumba iishi?

Sasa twende Kumbukumbu la Torati 24. Mstari wa 6 unakataza kuweka rehani mawe ya kusagia, hata lile la juu peke yake. Tuliotoka Fizi, Uvira na Masisi tunaelewa bila kueleza. Mama asiye na kinu na mchi hana unga, na asiye na unga hana nyumba, hata kama bati liko juu. Torati inasema anayechukua jiwe hilo amechukua uhai wa mtu. Mstari wa 10 na 11 unamkataza mdai kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchagua rehani. Asimame nje, mwenyewe amletee. Maana yake hata aliyeshindwa kulipa bado ana mlango, na mlango wake una heshima. Mistari ya 12 na 13: kama ni maskini na rehani ni nguo yake ya kujifunika, irudishwe kabla jua halijatua. Na mstari wa 17 unamtaja mjane waziwazi, kwamba vazi lake lisishikwe kabisa.

Wengine hudhani mambo haya yaliisha na Agano la Kale. Lakini hata serikali za leo zimeyaandika katika sheria zao, pengine bila kutaja Musa. Hapa Uganda iko Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, ya tangu mwaka 1929. Inasema mahakama ikiamuru mali ya mdaiwa ikamatwe, viko vitu visivyokamatwa: nguo za lazima za mdaiwa, mke wake na watoto wake, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, vyombo vya kazi vya fundi, na kwa mkulima, majembe yake, na mbegu na mifugo anayohitaji ili aishi kwa kilimo. Kenya na Tanzania zina orodha ya namna hiyohiyo, kwa kuwa zote zilirithi kutoka sheria ya India ya wakati wa Waingereza. Tanzania iliongeza na nyumba anayokaa mdaiwa na mke wake na watoto wanaomtegemea, isipokuwa kama nyumba hiyo yeye mwenyewe aliiweka rehani.

Tena iko Sheria ya Ufilisi ya Uganda ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2022. Mtu akishindwa kabisa, mahakama inaweza kumtangaza kuwa amefilisika. Mali zake zinashikwa na msimamizi, zinauzwa, na wadai wanagawana kwa utaratibu badala ya kila mmoja kuvuta upande wake. Lakini hata huko, vyombo vya kazi yake, nguo, matandiko na mahitaji ya msingi ya nyumba vinabaki nje ya fungu hilo. Jiwe la kusagia halichukuliwi.

Hatusemi kwamba sheria hizi ni laini. Hapana. Sheria ya Uganda bado inaruhusu mdaiwa wa kesi ya madai kufungwa hadi miezi sita, mdai akilipa posho ya chakula chake gerezani, na kutoka gerezani hakufuti deni. Ndiyo maana Bwana Yesu alitushauri tupatane na mdai tukiwa bado njiani (Mathayo 5:25).

Na sisi wakimbizi tuna hali yetu ya pekee. Kiwanja tulichopewa hapa ni cha kutumia: kujenga, kulima, kuchunga. Kanuni za wakimbizi za mwaka 2010 haziruhusu mkimbizi kukiuza, kukipangisha wala kukihamishia mtu mwingine. Basi anayekwambia “niwekee kiwanja chako rehani” anaomba kitu ambacho si chako kukitoa, na wewe ukikubali umeahidi cha mwenyewe mwingine. Kadhalika sheria ya wakopeshaji ya mwaka 2016 inataka mkopeshaji wa fedha awe na leseni, na kanuni zake zinamkataza kushika kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya benki kuwa rehani. Lakini tunawajua watu hapa sokoni wenye mfuko mzima wa kadi za chakula za watu wengine. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2020, na tena 2021, na tena 2023, na wengi wakaondolewa kabisa mwaka 2025, mifuko hiyo imezidi kunenepa. Ndugu, kadi ya familia ni jina lako na watoto wako mbele ya serikali na mashirika. Usiikopee sukari.

Barua kutoka Marekani

Baadhi yenu mmetuletea swali jingine. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani wanapiga simu na kusema kule mtu anaweza kwenda mahakamani akatangaza kufilisika na madeni yakafutwa. Mmeuliza: je, ni dhambi? Je, Mkristo anaweza? Mwingine aliuliza kwa utani kama na sisi hatuwezi kuletewa mahakama hiyo hapa. Tujibu tunavyoweza.

Katiba ya Marekani yenyewe inaipa Bunge lao mamlaka ya kutunga sheria ya kufilisika, na sheria inayotumika ni ya mwaka 1978, iliyokazwa mwaka 2005. Kwa watu wa kawaida njia ni mbili, nazo huitwa kwa namba ya sura katika sheria. Sura ya 7: mdaiwa anaorodhesha mali zote na madeni yote, msimamizi anauza kile ambacho sheria haikukilinda, wadai wanagawana, na madeni mengi yaliyobaki yanafutwa. Sura ya 13: mwenye mshahara anabaki na mali zake, lakini analipa kidogokidogo kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, kisha sehemu kubwa ya mabaki inafutwa.

Siku ile karatasi zinapofikishwa mahakamani, wadai wote wanasimamishwa mara moja. Simu za kutisha zinakoma, mnada wa nyumba unasimama. Hiyo ni kama kumwambia mdai wa Kumbukumbu 24: simama nje.

Je, nyumba inapona? Hapa ndugu zetu wengi hukosea, nasi tunawaomba mwafikishie neno hili. Kila jimbo lina kiasi chake cha thamani ya nyumba kinacholindwa. Texas inalinda nyumba ya familia bila kutazama bei yake, mradi mjini ardhi isizidi ekari 10, na shambani ekari 200. Majimbo mengine yanalinda kiasi kidogo tu. Lakini kama nyumba ilinunuliwa kwa mkopo wa benki, kufilisika kunafuta ahadi ya mtu, hakufuti haki ya benki juu ya nyumba. Asipoendelea kulipa, benki itaichukua nyumba baadaye, hata kama hakimu alishasema madeni yamefutwa. Ndiyo sababu mwenye nyumba aliyechelewa malipo huenda zaidi kwenye Sura ya 13, apate miaka ya kulipa yaliyorundikana huku akiishi ndani.

Na si kila deni linafutwa. Matunzo ya watoto hayafutwi. Kodi nyingi za serikali hazifutwi. Mikopo ya masomo hufutwa kwa shida sana. Deni lililopatikana kwa udanganyifu, mdai akilipinga mahakamani, halifutwi; wala fidia kwa mtu uliyemuumiza ukiendesha gari umelewa. Tena, anayefilisika huapishwa na kuulizwa maswali juu ya mali zake, na kuficha kitu ni kosa la jinai. Tukisoma hapo tunamkumbuka Anania na Safira. Hakuna aliyewalazimisha kutoa. Walikufa kwa kuficha na kusema uongo kwamba ndiyo yote.

Pia kufutiwa wewe hakumwokoi mdhamini wako. Mdai atamgeukia yeye. Mithali 22:26-27 ilikwisha kuonya juu ya kuweka mkono kwa deni la mwingine, mpaka kitanda chako mwenyewe kivutwe chini yako.

Basi, ni dhambi? Sisi twaona hivi: Zaburi 37:21 inamwita mwovu yule akopaye asilipe, na tunafahamu hapo mtu anayekataa. Aliyeshindwa ni mtu mwingine. Kumbukumbu la Torati 15 iliweka mwaka wa saba kuwa mwaka wa kuachilia madeni ya ndugu, na Mungu hakuwaita walioachiliwa wezi. (Katika Marekani kabla ya 2005 mtu aliyefutiwa alipaswa kungoja miaka 6 ndipo afutiwe tena kwa Sura ya 7, sasa ni 8. Musa alikuwa katikati.) Ndugu aliyeugua, aliyepoteza kazi, ambaye bado ana deni la tiketi ya ndege iliyompeleka na juu yake bili ya hospitali, akiingia mlango huo kwa kweli yote, sisi hatutamfungia meza ya Bwana. Ila yule anayekopa leo akijua kesho ataenda kufuta, huyo Zaburi inamjua kwa jina.

Wale wanaotoa

Tusiwasahau wanaotoa mikopo. Kumbukumbu 15:9 inamwonya mtu asiufunge mkono wake kwa kuwa mwaka wa saba umekaribia. Tulipokuwa chuoni mwalimu alitufundisha kwamba jambo hilo lilitokea kweli: karibu na siku za Bwana Yesu, watu waliogopa kukopesha, na maskini wakakosa msaada, mpaka mwalimu Hileli akaweka hati ya kupeleka deni mbele ya mahakama ili lisifutwe na mwaka wa saba. Wengine darasani tulimlaumu Hileli kwamba alivunja Torati. Leo, baada ya miaka ya kukaa na vikundi vya kuweka na kukopa, tunamhurumia kidogo. Fedha iliyo sandukuni si ya tajiri. Ni ya mama anayeuza ndizi, ni ya mzee aliyelima maharage ya mtu kwa siku nzima. Ikifutwa bila mpango, ni wao wanaolala njaa.

Sasa tufike pale tulipotaka kufika tangu mwanzo.

Mwaka jana kikundi kinachokutana katika kanisa letu kilimkopesha mama mmoja shilingi 300,000, kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi. Ni mshonaji. Alinunua vitambaa, akaanza vizuri, akarudisha 60,000 pamoja na riba ya miezi miwili. Kisha mtoto aliugua na vitambaa viliuzwa kwa hasara ili kulipa dawa na safari ya Mbarara. Miezi mitatu hakuleta kitu. Siku moja, saa moja asubuhi, watu wanne wa kikundi walikwenda kwake. Walichukua sufuria mbili, godoro na mashini ya kushona. Wawili kati yao ni wazee wa kanisa. Na karatasi ya kuruhusu jambo hilo ina sahihi ya mchungaji anayeandika maneno haya. Ndiyo maana tunasema “tulichukua”.

Hatukusimama nje. Tuliingia tukachagua. Kile ambacho hakimu wa nchi hii, pamoja na mihuri yake yote, hana ruhusa kukamata, sisi tulikibeba kichwani mbele ya watoto wakielekea shuleni. Godoro na sufuria tulirudisha jioni ileile, baada ya mke wa mzee mmoja kutugombeza. Mashini hatukurudisha. Iko stoo ya kanisa, chini ya mabenchi, imefunikwa na turubai. Amosi 2:8 inawataja watu waliojilaza kando ya madhabahu juu ya nguo walizoshika rehani. Tumehubiri andiko hilo mara mbili tangu siku ile, na mashini ikiwa hatua ishirini nyuma ya mimbari.

Mama yule haji tena ibadani. Anapita njia ya ziwani ili asikutane nasi. Na tangu siku ile hajalipa hata shilingi, kwa kuwa tulibeba kile ambacho angelipia.

Nehemia alipowakuta wakuu wamechukua mashamba, mizabibu na nyumba za ndugu zao waliorudi kutoka uhamishoni, alikasirika sana. Lakini someni vizuri sura ya 5 mstari wa 10. Alisema kwamba yeye na ndugu zake na vijana wake nao walikuwa wanakopesha. Alijiweka ndani ya hesabu. Akataka nyumba na mashamba yarudishwe siku hiyohiyo, na riba ile ya sehemu moja ya mia. Wafafanuzi wengi wanaona ilikuwa kwa kila mwezi. Moja ya mia, na Nehemia aliikasirikia. Yetu ni kumi ya mia.

Tumeongea na wanakikundi. Hawakubaliani wote. Mama mmoja, naye ni mjane, alituambia wazi: “Mchungaji, ninyi mnarudisha mashini, lakini fedha yangu ya Desemba nani atarudisha?” Hatukuwa na jibu la haraka, na hatutamjibu kwa mstari wa Biblia. Ana haki. Mapendekezo tunayopeleka kwenye kikao cha Jumamosi ni haya: riba ihesabiwe kuwa imesimama tangu siku tulipochukua mashini, 240,000 zilizobaki zilipwe 10,000 kila wiki baada ya siku ya soko, yaani wiki 24, na zikichelewa kupita mgawo wa Desemba, wale wanne walioingia nyumbani, na mchungaji aliyetia sahihi, watajazia fungu la wajane wa kikundi kutoka mifukoni mwao mpaka deni liishe. Riba ya kikundi nayo ijadiliwe, na katika kanuni iandikwe kwamba vyombo vya kupikia, matandiko, majembe, mbegu na vyombo vya kazi havishikwi kamwe, na hakuna mtu atakayevuka mlango wa mwenzake kuchagua.

Wenye maoni mengine waje wayaseme kikaoni, si kisimani. Kikao ni saa tisa, chini ya mwembe.

Mashini haingojei kikao. Ijumaa asubuhi ufunguo wa stoo utatolewa na mzee wa zamu, nasi tuliosema “tulichukua” tutaibeba wenyewe, kwa njia ileile ya barabara kubwa, na kwa saa ileile. Tukifika tutasimama nje mpaka mwenye nyumba atakapotukaribisha.